Mkono wa roboti mstaarabu usitetemeke

Mwalimu, umeuliza kwa nini roboti wa onyesho lenu anatetemeka mkono. Roboti huyo mpole, anayewaandalia chai wale wababe wanaosaka wahalifu angani kwa malipo, anatetemeka kwa sababu ya umeme, si programu. Servo ya SG90 (mota ndogo inayosogeza mkono) ikinyanyua kikombe huvuta mkondo mwingi wa umeme, volti za Arduino (kompyuta ndogo inayomwongoza roboti) zinashuka. Ipe servo betri zake yenyewe: AA nne za kuchaji, volti 4.8. Waya hasi wa betri na wa Arduino lazima ziungane, la sivyo mkono utarukaruka. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 470 ikae karibu na servo; ukigeuza miguu yake, chanya na hasi, inaweza kupasuka.

Kisha, kwenye programu, sogeza servo digrii 1 kila milisekunde 20. Upole wake wote uko hapo! Chumvi ya bahari hapo Mikindani hula viunganishi, vikague kabla ya onyesho. Kikombe kiwe cha plastiki, kitupu.