Usiniulize mbao gani, niambie litakaa wapi

Juzi mwanafunzi wa usanifu kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nina mradi wa benchi, mbao gani ndiyo nzuri kabisa?" Marahaba, mwanangu. Swali hilo ndilo lililonitia aibu miaka tisa iliyopita, na mpaka leo nikipita Nyali, Mombasa, roho hunichoma.

Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti hakijakunjwa. Mama mmoja akataka benchi la barazani, nyumba imeelekea bahari. Nikalichora, nikajipenda. Nikachagua MDF, ule ubao wa kiwandani, kwa kuwa haina mafundo na rangi hukaa juu yake kama kioo, nikaikaza kwa skrubu za chuma cha kawaida, zile za bei poa. Siku ya kulipeleka majirani walitoka kutazama. Picha nilipiga thelathini.

Masika hata hayajaisha, mama akanipigia simu. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Nilikuta kingo zimefura kama mkate uliochovywa chaini, na kila penye skrubu mchirizi wa kutu umeshuka hadi kwenye vigae vyake vyeupe. Nikarudisha pesa yote. Aliyenifundisha alipopata habari alicheka mbele ya wanafunzi wapya. Somo la kutu hakuwahi kunipa, ila kucheka alikuweza.

Basi sikilizeni, nyie mnaoanza na umbo. MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi; kingo zake hunywa maji na zikishafura hazirudi. Stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, nayo si moja: daraja la 304 hushika madoa ya kutu karibu na bahari, la 316 lina madini ya molibdenamu, huistahimili chumvi zaidi. Ni ghali, ndiyo. Kurudisha pesa ya watu ni ghali zaidi. Mvule hauliwi ovyo na mchwa. Hata hivyo mbao yoyote hucheza: hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu si kitu. Ubao mpana ukiubana kotekote utapasuka, kwa hiyo tundu la skrubu lirefushe kidogo kufuata upana.

Wazee wetu waliushona mtepe, jahazi la kale, kwa kamba za makumbi, hakuna msumari wa kula kutu. Na majuzi tu, Lamu, jahazi la Flipflopi limeundwa kwa taka za plastiki, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Plastiki hutuudhi ufukweni kwa sababu haiozi. Wale mafundi wakaitaka kwa sababu hiyo hiyo. Huko ndiko kuijua mali yako. Nyinyi mwaanza na rangi!

Haya yote nilimwandikia yule kijana usiku, marefu kuliko haya, kisha nikamuuliza benchi litakaa wapi.

"Maktaba ya shule, fundi. Ndani, kuna kiyoyozi."

Basi MDF yatosha. Kingo tu azizibe vizuri.