Nani Anaigonga Seva Yetu Usiku Kucha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva ya ofisi yetu ndogo ya uwakala wa mizigo hapa Mwanga, Kigoma, tunakotayarisha nyaraka za shehena ziendazo Bujumbura na Kalemie. Kila asubuhi kumbukumbu za fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao wetu, huonyesha mamia ya majaribio yaliyozuiwa kutoka Marekani, China na Uholanzi, mengi yakielekea poti (milango ya mtandao yenye namba) 22, 23 na 3389. Mengine, ambayo ndiyo yanayonishangaza, yanatoka poti 443 ya tovuti tunazozitumia wenyewe. Je, kuna anayetulenga?

JIBU: Hayo uliyoyaeleza hayaonyeshi hivyo. Anwani za IPv4, yaani namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, hazifiki bilioni 4.3, na tangu mwaka 2013 ipo programu huria iitwayo ZMap ambayo, kwa kompyuta moja yenye mtandao wa kasi, huweza kujaribu poti moja katika anwani zote za umma kwa muda usiotimia saa moja. Seva yako imefikiwa kama dagaa anavyofikiwa na wavu wa mvuvi wa karabai: imo ziwani, basi. Poti 23 ni ya Telnet, njia ya zamani ya kuamuru mashine ukiwa mbali, ambayo programu hasidi ya Mirai iliitumia mwaka 2016 kuteka kamera na ruta zilizoachiwa nywila za kiwandani. 22 ni ya SSH, njia iliyo salama zaidi ya kuamuru seva ukiwa mbali, na 3389 ya kuendeshea Windows ukiwa mbali. Wala usihangaike na majina ya nchi, kwa kuwa mashine inayogonga mara nyingi nayo imetekwa au imekodiwa.

Kuhusu poti 443, aghalabu aliyeanza mazungumzo ni seva yako. Fayawoli hukumbuka kila muunganisho uliofunguliwa kutoka ndani, lakini ukishafungwa au muda wake ukipita, pakiti (kifurushi cha data) iliyochelewa njiani hufika ikiwa haitambuliki tena, nayo huandikwa kama mvamizi. Tazama alama zake: ACK (nimepokea), FIN (nimemaliza) au RST (kata) kwa kawaida ni masalia ya mazungumzo yaliyokwisha, ilhali SYN (tuanze) peke yake ni ya anayeanza upya.

Mimi ningeanza kuhofu kama anwani ya ndani, tuseme ya 192.168, ingekuwa inagonga poti 445, ya kushirikiana mafaili ya Windows, ya kompyuta moja baada ya nyingine, kwa sababu huyo yumo ofisini mwenu. Soma pia yaliyoruhusiwa: ikiwa seva ni ya Ubuntu, au ya Debian ya kabla ya toleo la 12, fungua auth.log, faili la kumbukumbu za wanaoingia, utafute neno “Accepted” lenye anwani usiyoifahamu. Na kama SSH ni lazima ibaki wazi, ondoa nywila, tumia ufunguo wa kidijitali.