"Distrain" si "restrain" iliyokosewa

Mwenzetu anauliza maana ya "distrain", kitenzi alichokikuta kwenye barua ya ajenti wa nyumba. Kuna aliyemjibu kwamba ni "restrain" iliyokosewa herufi. Hapana. Ndugu yangu, barua hiyo usiiweke kando.

Mimi neno hili lilinikuta nikiwa na duka la ushonaji mtaani Umoja, Nairobi. Kodi ya miezi miwili ilikuwa imenilemea, nikaandikiwa kwamba mwenye jengo "will distrain upon your goods". Chini yake palikuwa na "distress for rent". Kwa kuwa "distress" niliijua kama dhiki ya moyo, nilidhani ananilalamikia tu. Nilielewa siku madalali walipoingia na kuanza kuorodhesha vyerehani.

"Distrain" ni kushika mali ya mdaiwa na kuizuilia ili alipe, na kitendo chenyewe ndicho "distress". Asili yake ni Kilatini, "distringere", na ndani yake mna wazo la kubana. Hata "district", ile tuliyokuwa tukiiita wilaya, imetoka huko: eneo ambalo mtawala ana mamlaka ya kuwabana watu wake. Mali hutanguliwa na "upon" au "on", deni hutanguliwa na "for".

Wengi hutafsiri "kufilisi", nami sikubaliani nao. Aliyefilisiwa ameisha. Hapa mali bado ni yako mpaka iuzwe. Ukilipa deni na gharama za madalali, unaikomboa. Mimi husema "kushika mali kwa deni la kodi". Ni refu, lakini halimpotoshi mtu.

Uingereza yenyewe iliifuta njia hii ya kale mwaka 2014. Kenya bado tunayo, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya.

Kilichoniuma zaidi ni vitambaa vya wateja, maana navyo viliandikwa kwenye orodha. Wakili jirani yangu alinieleza kwamba tangu kesi ya Simpson na Hartopp, ya mwaka 1744 huko Uingereza, nguo iliyopelekwa kwa fundi ishonwe haishikwi kwa deni la fundi. Nikatoa kitabu changu cha oda, jina la kila mteja na kitambaa chake, vikafutwa kimoja kimoja.

Kwa hiyo ukiletewa orodha, isome mstari kwa mstari, weka alama kwenye kila kisicho chako, kisha uende nayo kwa wakili kabla tarehe iliyoandikwa haijafika.