Jibu: Picha za mzee zimeganda kwenye albamu, nibandue au niskani hivyohivyo?
Mkuu usibandue kwa nguvu, mi nilichana ya harusi ya mshua hivihivi nikabaki na nusu ya uso wa maza. Pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini yake, ikigoma iache uiskani na ukurasa wake mzima. Picha ndogo weka dpi (nukta kwa kila inchi) 600, zile slaidi, vipande vya filamu vya kumulika ukutani, zinataka 2400 kwenda juu na skana yenye taa kwenye mfuniko, ya kawaida itakupa giza tu. Majina ya faili anza na mwaka, 1974-Tanga-harusi, zitajipanga zenyewe. Ila kwanza kaa na bibi, washa rekoda ya simu umwoneshe moja moja, maana yule mtoto wa kaptula aliyesimama pembeni nani mwingine anamjua?