Mwanangu Hageuki Nikimwita

*Shangazi, mwanangu ana miaka 3 na miezi 2. Nikimwita hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikilia chumba cha pili yuaja mbio. Hupanga vizibo vya soda mstari mmoja. Ukigusa kimoja, kilio hakiishi. Bibi yake, mamake mume wangu, asema hata babake alichelewa kusema. Jirani asema ni jini. – Mama, Langoni, Lamu*

Mwanangu, kuchelewa kusema peke yake kusingenishtua sana. Linalonishtua ni hilo la jina, tena pamoja na vizibo: huenda ni usonji (autism), hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na watu kwa namna tofauti. Mtoto wa mwaka 1 kwa kawaida hugeuka akiitwa. Wa mwaka na nusu hukuonyesha kwa kidole kitu kilichompendeza, kisha hukutazama usoni aone kama nawe umekiona. Mwenye usonji mara nyingi haonyeshi. Hukushika mkono akaupeleka kikombeni.

Sikiliza pia asemavyo. Akitaka maji akakwambia "Wataka maji?", anakurudishia swali lako kama alivyolisikia. Usimkosoe. Sema wewe kwa niaba yake, "Nataka maji," kisha mpe.

Wiki hii, akiwa hana simu wala vizibo, simama nyuma yake umwite mara 3 bila kumgusa. Mwonyeshe punda aliye mbali: je, atazama punda, au kidole chako tu? Rudia siku 4 au 5, asije akahukumiwa kwa siku aliyolala vibaya. Mrekodi dakika 2 akila na akicheza, maana mbele ya daktari mtoto huwa mwingine kabisa. Lakini kama alikuwa na maneno yakapotea, usingoje hata hiyo wiki.

Kliniki nenda na kijitabu chake, uombe masikio yapimwe kwanza. Biskuti isikudanganye: mtoto aweza kusikia mchakacho wa karatasi na maneno yasimfikie vizuri. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto, na uulizie kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, EARC, kabla hajaanza chekechea. Usonji hauonekani kwa kipimo cha damu. Atakayekuuzia hicho anakula pesa zako.

La jini, kumsomea hakuna ubaya, na hakumzuii mtu kwenda kliniki siku hiyo hiyo.

Mkweo mwambie unampeleka mjukuu wake kupimwa masikio. Hilo hatalipinga, na huenda akakushikia mkoba.