Watu wa ratiba za safari, tupunguze herufi kubwa kwenye Kiingereza chetu

Nipo ofisi ya utalii hapa Arusha mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kujibu imeili za wageni na kuwaandalia ratiba, na kitu kinachoniuma kwenye ratiba zetu nyingi ni herufi kubwa zinazomwagwa kila mahali. Cheki hii: "After Breakfast our Driver will pick you from the Hotel and drive to the Park for Game Drive." Hiyo sentensi nimeiandika mwenyewe kwa miaka, mpaka siku mgeni mmoja akanirudishia ratiba akiwa amezungushia duara breakfast, driver, hotel, park na game drive, akaniuliza kwa upole kabisa, hizi herufi zina maana gani? Sikua na jibu.

Nadhani tunazitoa kwenye barua za ofisini, si unajua YAH: MAOMBI YA KAZI, alafu Meneja na Mkurugenzi lazima uwape herufi kubwa kwa heshima, kwaiyo tukihamia Kiingereza tunahama na ile heshima yetu. Ila Kiingereza herufi kubwa haiheshimu mtu, inaonyesha tu kwamba hili ni jina. Hapo ndo pa kushika. Andika President Nyerere maana cheo kimeambatana na jina, ila ukisema tu rais alitembelea mbuga ni "the president visited the park", p zote ndogo. Meneja wako, mpishi, dereva, hao wote ni wadogo.

Kwa kazi zetu huku inakua hivi: Ngorongoro Crater ni jina, lakini mstari unaofuata ukisema mtashuka kreta ni "the crater" tu. Mount Meru, alafu "the mountain". Mkienda magharibi ni "drive west", ila West Kilimanjaro ni sehemu inayoitwa hivyo kwaiyo inabaki kubwa. Majira nayo madogo, "dry season", "long rains", hata summer na winter za kwao, japo June na Monday ni kubwa siku zote.

Wanyama ndo tunakosea kuliko yote. Lion, elephant, leopard, wote herufi ndogo hata kama mgeni kalipa hela nyingi kuja kuwaona. Swala tomi yeye ni Thomson's gazelle, T kubwa kwasababu Joseph Thomson alikua mtu, msafiri mvumbuzi wa Kiskoti, ila g inabaki ndogo. Na ukiandika jina la kisayansi la simba ni Panthera leo, lile la pili usiliguse.

Usishangae ukiona mgeni wa Ujerumani anaandika nomino zote kwa herufi kubwa, kwao Kijerumani ndo sheria. Hata Kiingereza zamani kilikua hivohivo, katiba ya Marekani ya 1787 imejaa nomino za herufi kubwa, ila waliacha muda mrefu sana.

Alafu tafadhali sana msimwandikie mgeni imeili nzima kwa herufi kubwa. Kuna mama mmoja nilimtumia PLEASE SEND YOUR FLIGHT DETAILS, mi nikijua namsaidia aione vizuri, akajibu anaomba radhi kama amenikosea kitu. Kumbe kwao hiyo ni kufokewa. Niliumia kweli manake alikua mtu mwema.

Kama una ratiba za zamani ziko hivo, kwenye Word shika ile aya, bonyeza Shift na F3, bonyeza tena na tena mpaka zibaki ndogo zenye herufi kubwa mwanzo wa sentensi tu. Ila angalia, majina nayo yanashuka, kwaiyo pitia mstari kwa mstari uwarudishie Karatu, Tarangire na Serengeti herufi zao.