Barua kwa mwanangu: kazi mbichi na macho ya watu

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako wa usiku. Unauliza ufunge akaunti yako miezi mitatu hadi picha za maonyesho ziishe, au uendelee kuposti kila siku kwa kuwa watu husahau upesi. Nilimsomea baba yako, naye akasema "afunge" bila kuinua macho kwenye gazeti. Jibu lake basi unalo. Langu ni refu kidogo.

Mambo ya kufunga na kufungua mimi siyajui sana. Ninachotaka kujua ni kimoja: unapoposti, unaonyesha nini? Kazi iliyokwisha, au ile ambayo bado inakuzungusha kichwa? Wewe unahesabu saa zinazoliwa na simu, na kweli zinaliwa, lakini saa mimi sizihofii. Saa huibwa alfajiri. Mimi niliziiba nikiwa na nyinyi nyote na chumba kimoja. Ninachohofia ni macho. Kazi mbichi haipendi macho mengi. Najua umeshanisikia nikisema hivyo, na najua unavyogeuza uso kila nikisema.

Unaikumbuka ile kanvasi kubwa iliyogeuziwa ukutani, mliyokuwa mkijificha nyuma yake? Ilikuwa ya mwanamke aliyeketi. Kazi ilikuwa inaniendea vizuri: mwili bado madoa tu, mwanga sijauamulia utoke upande gani. Shangazi yako akaingia kutafuta mkasi. Wifi yangu yule si mtu wa kusifu kitu, mnamjua. Akasimama, akautazama mkono wa kushoto wa yule mwanamke, ambao nilikuwa nimeupaka harakaharaka tu nijue utaangukia wapi, akasema, "Wifi, mkono huu unapumua." Akachukua mkasi, akaenda zake.

Basi. Tangu hapo mkono ule ukanishinda. Baadaye ilidhihirika kwamba mwili lazima ugeuke, na ukigeuka, mkono nao utoke pale. Muda ulikuwepo. Rangi ya mafuta, unajua, haikauki kama maji yanavyokauka. Inavuta hewa na kuwa ngumu polepole, siku kadhaa, na tabaka likiwa nene, wiki na wiki. Kisu kingeukwangua mkono ule mara moja. Rangi ingetoka, sifa ndiyo isingetoka. Nikaanza kuipinda picha nzima iufuate mkono. Kiti nikakisogeza, bega nikalishusha, mwanga nikauhamisha, hadi mwanamke wa watu akaonekana kama aliyevunjika mgongo. Nikaigeuza. Na mpaka leo shangazi yako akija huniuliza, "Ule mkono uko wapi?" Namjibu upo, nabadilisha mazungumzo.

Angenikosoa ningemkasirikia, na picha ingepona! Sasa wewe huna wifi mmoja mlangoni. Una maelfu, na kila mmoja ana moyo wa kubonyeza. Ni wewe uliyenieleza kwamba Instagram mwaka 2016 iliacha kupanga picha kwa kufuata muda zilipopostiwa, ikaanza kukisia kila mtu atapenda kuona nini kwanza. Maana yake, mkono uliopendwa ndio utakaosukumwa mbele, nawe kesho utakaa kuchora mkono mwingine, na keshokutwa mwingine tena, huku ukidhani umechagua mwenyewe.

Lakini ngoja, nisijipendelee. Mchoraji Van Gogh alikuwa akionyesha kazi mbichi siku zote. Oktoba 1888, akiwa Arles, Ufaransa, alimchorea mdogo wake Theo chumba chake cha kulala ndani ya barua, na picha yenyewe alikuwa bado anaifanyia kazi. Barua alizomwandikia Theo na zikahifadhika zinapita 600. Mtu huyo hakufungia akaunti! Ila tazama, alikuwa akimwonyesha nani? Ndugu yake, aliyemtumia pesa na rangi. Hapo naona bado nimeshinda.

Halafu namkumbuka Hilma af Klint, yule mchoraji wa Sweden, ninashindwa tena. Aliagiza kazi zake zile kubwa zisionyeshwe hadi miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Akafariki 1944. Zilipowekwa kwenye jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, kati ya 2018 na 2019, watu zaidi ya 600,000 walikwenda kuziona. Niliposoma habari hiyo nilipiga makofi peke yangu. Kisha nikawaza kwamba hakumwona hata mmoja wao. Sikukulea ili usubiri kufa. Na walionunua kwako karibu wote walikuona kwanza kwenye simu, hilo silipingi.

Tena, kwa kuwa tunasemezana ukweli, mimi mwenyewe nakufuata huko, kwa jina usilolijua. Ile ya mvua uliposti saa tisa usiku, haijakauka hata kidogo, nikamwamsha baba yako aione. Alinung'unika, lakini aliishika simu muda mrefu kuliko mimi. Kwa hiyo usinione mkali.

Sasa, funga au usifunge, sisemi. Ulimi unaniwasha, ila sisemi, maana nikiamua mimi wewe hufanya kinyume, tangu shule. Ninachoomba ni umpate mtu mmoja wa kumtumia kazi mbichi, naye asiwe mpenda kusifu. Yule rafiki yako aliyekuambia mbwa wako anafanana na meza ananifaa kabisa. Shangazi yako usimtumie. Wengine wape zilizokauka. Za zamani unazo tele ndani, na hakuna atakayekuuliza ulizimaliza lini.

Ukiniuliza mara ya pili nitaamua.

Mama yako